Rauta Chini ya Kawa

Mkunazini, Mji Mkongwe
Jumamosi, 3 Agosti 2024

Fundi Machano,

Assalaam alaykum. Barua hii inakufikia ndani ya kapu la Bi Mwanamwema, pamoja na mikate yake ya mofa, kwa hivyo ikinukia mkate usishangae. Mimi ni Radhiya, mjane wa Masoud Mkadam, yule uliyemfungia rauta mwaka juzi chumbani kwa mama yake. Masoud ametangulia mbele ya haki tangu mwanzo wa Juni. Nimo edani, na miezi yangu minne na siku kumi itatimia Oktoba, inshaallah.

Utajiuliza mtu wa zama hizi anaandika kwa kalamu kwa nini, na simu anayo. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakheir, anashikilia kwamba mwanamke wa eda hasemi na mwanamme asiyekuwa maharimu wake, hata kwa simu. Wapo mashekhe wanaosema penye haja inafaa, na nnawajua kwa majina yao. Lakini huyu ni mzee, kafiwa na mwanawe wa pekee, na sikuona sababu ya kumshinda kwa vitabu. Tumekubaliana nikuandikie. Barua zako zinazoingia atazisoma yeye kwanza. Zangu zinazotoka hazifungui, anasema ananiamini. Mwanzo nilimtuma Bi Mwanamwema kwa mdomo, akaniletea jibu kwamba rauta ipakwe mafuta. Sijui alikuuliza nini.

Sasa shida yangu. Mimi ni mwalimu, nnasomesha Kiswahili kwa wageni. Skuli imekubali nisomeshe kwa kompyuta nikiwa nyumbani, ila wanataka kwanza somo moja la majaribio: Jumatatu, tarehe 9 Septemba, saa nane mchana, wanawake sita walioko Japani, ambako kwao itakuwa saa mbili usiku. Bi Faiza, mkuu wetu wa skuli, atasikiliza somo zima. Picha ikiganda au sauti ikikatika, basi, hakuna darasa la nyumbani.

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu. Rauta iko ya pili, kwa mama, kwa sababu waya wa mtandao unaingilia dirishani kwake. Juu kwangu waifai inakuja ikijisikia na kuondoka ikijisikia. Bando la simu nshalijaribu, ndilo bovu zaidi.

Nambie la kufanya, mikono ninayo. Usinambie nitafute mwanamme wa kunifanyia. Humu ndani yumo mama, nimo mimi na paka.

Radhiya

*

Mwanakwerekwe
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Bi Radhiya,

Wa alaykum salaam. Na wewe Bi Mkubwa, najua macho yako ndiyo ya mwanzo hapa, kwa hivyo shikamoo. Nawapa pole nyote wawili. Siku niliyofunga ile rauta Masoud alinishikia ngazi mwenyewe, akanipa na halua. Sikuwa na habari. Mungu amlaze pema.

Habari ya mafuta sikuisema mimi. Nilimwambia Bi Mwanamwema rauta iwekwe mbali na jiko la mafuta ya taa. Huyu mama akae kwenye mikate.

Ondoa wasiwasi. Mimi nimefunga waifai hoteli nzima pwani ya mashariki, vyumba arubaini, mpaka walio ndani ya bwawa la kuogelea wanaongea na watoto wao Ulaya. Nyumba yenu moja haitonishinda, hata nikiifunga kwa barua. Sisi watu wa Tumbatu tukishika kitu hatukiachi, waulize tuliowaoa.

Nataka majibu haya. Rauta imewekwa juu ya nini, na ina nini jirani yake? Antena zake mbili zimesimama au zimelala? Ukuta una unene gani? Halafu fungua daftari. Kila saa, kuanzia asubuhi mpaka jioni, tazama vijistari vya waifai kwenye kompyuta yako na uandike ni vingapi. Fundi anayetibu bila ya kuuliza ni mganga, na mimi si mganga.

Machano Ubwa

*

Mkunazini
Jumamosi, 10 Agosti 2024

Fundi Machano,

Umetaka daftari, nimekuwekea la mwalimu, lenye mistari ya rangi mbili. Siku nne nimeandika. Asubuhi vijistari viwili, adhuhuri viwili, alasiri kimoja, magharibi viwili tena. Nikisimama kwenye ngazi ni vitatu. Nikirudi ndani ya chumba na kufunga mlango ni kimoja, na hicho chenyewe kinatetemeka.

Ukuta nimeupima dirishani kwa mkono: dhiraa moja na shubiri. Ni mawe na chokaa vya zamani, mzinga haupiti humu seuze waifai. Rauta iko juu ya meza fupi, baina ya ukuta na kitanda cha mama. Antena moja imesimama, nyengine imelala kama mgonjwa. Jirani yake kuna msahafu kwenye marufaa, chupa ya maji, na tasbihi. Na juu yake kuna kawa.

Ndiyo, kawa. Lile kubwa la ukindu wa rangi tunalofunikia sinia la chakula wageni wakija. Mama ameifunika rauta kwa kawa tangu siku uliyoifunga, ati vumbi lisiingie na vile vitaa visimkodolee macho akilala. Kalisuka mwenyewe, kwa hivyo ukitaka liondolewe, omba kwa adabu.

Kuhusu watu wa Tumbatu sina la kusema. Marehemu bibi yangu aliolewa huko, akarudi baada ya wiki.

Radhiya

*

Mwanakwerekwe
Jumanne, 13 Agosti 2024

Bi Radhiya,

Shikamoo kwanza kwa Bi Mkubwa. Bibi yako alirudi kwa sababu hakupewa waifai.

Nimelisoma daftari mara tatu. Ugonjwa wenu ni mdogo. Fanyeni hivi.

Rauta itoke kwenye meza fupi, ipande juu ya kabati, kwani mawimbi yake yanataka uwazi. Antena zote mbili zisimame wima. Kisha igeuze, chini yake kuna karatasi yenye namba na neno la siri la kiwandani. Namba hiyo iandike kwenye kompyuta pale unapoandika anwani za mtandao, utafunguka ukurasa wa rauta yenyewe. Ndani yake utaona inatoa mawimbi ya aina mbili, moja limeandikwa 5 na jengine 2.4. Hilo la 5 lina mbio lakini halipendi kuta. La 2.4 linakwenda polepole na linafika mbali. Kompyuta yako ishike la 2.4. Na hilo neno la siri la kiwandani libadilishe siku hiyo hiyo, maana kila fundi wa mjini analijua.

Kawa halina neno, Bi Mkubwa usiwe na khofu. Ukindu hauzuii kitu, mawimbi yanapita kama hewa. Adui wa waifai ni madini. Sinia la shaba, kioo kikubwa, sufuria. Mtu akiifunika rauta kwa sufuria, basi kaizika, haitotoka hata nje ya chumba. Huko Uroa mpishi mmoja aliiweka nyuma ya masufuria yake, wageni wakalalamika siku tatu mpaka nikaenda kuitoa.

Dawa ya kweli kabisa ni waya: utoke kwenye rauta, upande ngazi, ufike chumbani kwako. Waya haujui ukuta. Lakini lazima upite mlangoni kwa Bi Mkubwa, na mlango ule, naukumbuka, umekaa kwenye kizingiti chake barabara, hata karatasi haipiti. Ukipita waya mlango hautofunga tena. Kama hilo halikubaliki, nawaletea ripita. Ni kisanduku kidogo, kinachomekwa kwenye umeme pale kwenye ngazi, kinapokea mawimbi ya chini na kuyasukuma juu. Kimo ndani ya kapu la Bi Mwanamwema. Nimemwambia si mkate.

Machano Ubwa

*

Mkunazini
Jumanne, 20 Agosti 2024

Fundi Machano,

Kaa kitako usome. Nimeipandisha rauta juu ya kabati mwenyewe, nimesimamisha antena zake, nimeingia ndani ya ukurasa wake na nikatoka salama. Neno la siri nimelibadilisha, na sikwambii ni lipi, hata wewe. Jina la waifai nimeliita Ghorofa ya Tatu, watu wa mtaani wakilitafuta wajue nani mwenyewe. Ripita ipo kwenye ngazi, taa yake kijani. Jumatano jioni nilikaa kitandani kwangu, mlango nimeufunga, nikahesabu vijistari vinne. Vinne, Fundi! Nikampigia Bi Faiza tukaonana kwa picha, akaniuliza nimehamia wapi.

Ule waya mama ameukataa. Kasema mlango wake una miaka mia, haujawahi kulala wazi, na hautoanza kwa sababu ya Wajapani.

Sasa sikiliza ajabu. Tangu Alkhamisi, asubuhi ninavyo vinne, jioni ninavyo vinne. Lakini kila siku, ikifika saa saba na nusu za mchana, vinashuka mpaka hakibaki hata kimoja. Ripita inageuka nyekundu. Hali hiyo mpaka alasiri, kisha kila kitu kinarudi kama hapakutokea neno. Na somo langu ni saa nane! Zimebaki siku ishirini, na kati ya saa zote ishirini na nne imeichagua saa yangu.

Nataka dawa, sitaki pole.

Radhiya

*

Mwanakwerekwe
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Bi Radhiya,

Shikamoo Bi Mkubwa. Ugonjwa huu naujua, nshautibu mara nyingi. Ni majirani. Saa saba watoto wanatoka skuli, watu wanarudi kula, kila mtu mtaani anawasha waifai yake na zote zinagombania njia moja. Ingia tena kwenye ukurasa wa rauta, tafuta palipoandikwa njia, utaona namba kuanzia 1. Iweke 11, halafu jaribu 6. Na ile chaja ya rauta ibadilishe kwa hii niliyoileta, huenda joto la mchana linaichosha.

Ukimaliza hayo shida imekwisha. Nakupa dhamana ya jina langu.

Machano Ubwa

*

Mkunazini
Alkhamisi, 29 Agosti 2024

Fundi Machano,

Dhamana ya jina lako nimeiweka kabatini pamoja na chaja yako, zote mbili hazikufanya kazi. Njia ya 11 nimejaribu, ya 6 nimejaribu, na ya 1 nimejaribu kwa hasira tu. Saa saba na nusu ikifika, mtandao unakufa. Majirani nimewauliza kupitia dirishani. Wa kulia mchana hayupo, wa kushoto hana waifai, anatumia yetu na anadhani sijui.

Juzi Bi Faiza alitaka tufanye mazoezi saa hiyo hiyo ya nane. Nilisema "Karibuni darasani", nikagandia hapo mdomo wazi. Akanipigia baadaye, akasema kwa upole nisijali, na ule upole wake ndio ulionitisha.

Nikwambie lililo moyoni, maana barua hii hasomi mtu ila wewe. Darasa la nyumbani likishindikana, skuli imenipa njia ya pili. Wanahamishia madarasa yao Uroa, pwani, na wamenitengea chumba huko. Eda ikisha nihamie, nisomeshe hukohuko, nije mjini mwisho wa mwezi. Uroa ni kwetu, kaka zangu wanaona ndiyo kheri. Mimi sitaki. Nimekaa nyumba hii miaka kumi na mmoja. Sikujaaliwa mtoto, na Masoud hayupo, kwa hivyo kila mtu anaona sina changu humu. Ninaye mama. Nani atamsomea dawa zake, nani atamtilia chai ile anayoipenda, ya mdalasini mwingi? Atabaki na paka.

Yeye sijamwambia. Nikimwambia "nitakaa kwa ajili yako", ataona nnamwonea huruma, na huyu si mtu wa kuonewa huruma. Akijua nimeikataa Uroa kwa ajili yake, atanifungia mizigo yangu mwenyewe na kunisukuma mlangoni, ajionyeshe hana haja na mtu. Nataka nikae kwa sababu kazi yangu iko hapa, basi, pasiwe na neno la kuzungumzwa. Kwa hivyo hilo somo si somo tu, Fundi. Likishindikana, nimekosa nyumba na nimekosa mama.

Zimebaki siku kumi na moja. Nimechungulia chumbani kwa mama mchana, labda rauta imeanguka. Yeye amelala, rauta iko juu ya kabati, kawa juu yake, hakuna lililobadilika.

Hata jikoni mambo yamenigeukia siku hizi. Ile sufuria yangu ya wali, tukishakula na nikishaiosha, inatoweka. Nnaitafuta, nnaapa sitoitafuta tena, na jioni naikuta mahala pake, kavu. Nahisi eda inaniharibu akili.

Radhiya

*

Mwanakwerekwe
Jumamosi, 31 Agosti 2024

Kwa Bi Mkubwa, Bi Mwanakheir,

Shikamoo. Barua hii ni yako wewe. Ukimaliza kuisoma, kuifikisha juu au kuichana ni hiari yako.

Nimekaa na barua zote mezani, zangu na za mkaza mwanao, nikazipanga kwa tarehe. Tarehe 13 nilimwandikia kwamba kawa halidhuru ila sufuria inaizika rauta. Barua ile uliisoma wewe mwanzo. Tangu Alkhamisi ya wiki ile mtandao unakufa kila mchana, saa unayofunga mlango wako kulala. Na saa hiyohiyo sufuria ya wali haionekani jikoni.

Bi Mkubwa, mimi ni mdogo kwako, sina ulimi wa kukwambia neno. Nasema tu kwamba chini ya kawa kubwa kama lile sufuria inaenea. Nilimlaumu jirani, nikalaumu jua, nikalaumu chaja, na kumbe mwalimu wa hayo yote ni mimi mwenyewe.

Sikuulizi kwa nini. Nahisi najua. Lakini kuna kitu hukijui, na mimi nimeaminiwa nacho, na sasa naivunja amana. Bi Radhiya akinikasirikia haki yake. Wewe unadhani mtandao huu ukifanya kazi ndio utakaomchukua. Ni kinyume chake. Somo la tarehe 9 likifaulu, atasomesha humohumo ndani, ghorofa ya tatu, juu ya kichwa chako. Likishindikana, skuli inampeleka Uroa, na chumba kishatengwa. Yeye hataki kwenda. Ameniandikia kwamba humo ndani anaye mama, na kwamba akiondoka hakuna wa kukutilia chai ya mdalasini. Hakukwambia kwa sababu anakujua, utaona unahurumiwa.

Nimesema. Nisamehe kama nimevuka mpaka. Kila mchana unapoifunika ile rauta, unamfungia mzigo wake wa Uroa kwa mikono yako.

Mwanao,
Machano Ubwa

*

Mkunazini
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Machano,

Marahaba. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu kwani mkono wangu ndivyo ulivyozoea tangu chuo cha Kurani. Kusoma nasoma zote, kama ulivyokwishaona. Kama na wewe chuo ulikwenda kweli, utaisoma. Kama ulikuwa mtoro, mtafute mtoto akusomee, na uone haya.

Siku ya mwanzo niliifunika kwa sufuria kutaka kujua tu kama fundi ni mwongo. Ukawa mkweli. Siku ya pili sikuwa na udhuru.

Nilimsikia kwenye simu na yule mkuu wao, wanataja kazi, wanataja Uroa. Kwao ni Uroa. Nikajua kazi hii ndiyo ngazi ya kuondokea. Nisingemzuia, nani mimi nimzuie? Hana mtoto humu, hana mume, kijana bado, mzuri, ana elimu yake. Mwanangu alikwenda kwa maradhi ya moyo, asubuhi alikunywa chai, adhuhuri tunamuosha. Huyu nilitaka asiende ghafla. Nilitaka achelewe tu. Sikutaka zaidi ya hapo.

Mambo ya nyumba yangu niachie mimi. Usimwandikie neno.

Na usiniite mama yako kwa kunipaka mafuta. Mafuta yako tunayajua tangu ya rauta.

Mwanakheir binti Khamis

*

Mkunazini
Jumatano, 4 Septemba 2024

Fundi Machano,

Haraka haraka, Bi Mwanamwema amesimama mlangoni ananung'unika mikate inapoa. Mama kaniita baada ya alfajiri, kaniuliza kutoka rauta yake mpaka kitandani kwangu ni mita ngapi. Nikampimia kwa kamba, kumi na saba. Akasema, "Mwambie fundi alete waya wa ishirini, mtu asije akavuta ukakatika." Nikamwambia mama, mlango wako. Akasema mlango ni mbao.

Sijui kimempata nini. Barua yako ya Jumamosi nimemuuliza iko wapi, akasema ilikuwa imejaa mambo ya ufundi, hayanihusu. Mambo ya ufundi hayanihusu mimi!

Lete waya, na unielekeze pa kuuchomeka. Mtandao jana mchana haukukatika. Sijaamini bado, nnaandika kwenye daftari tu.

Radhiya

*

Mwanakwerekwe
Alkhamisi, 5 Septemba 2024

Bi Radhiya,

Shikamoo Bi Mkubwa. Waya huu hapa, mita ishirini, ncha zote mbili nimezifunga mwenyewe. Nyuma ya rauta kuna matundu manne ya rangi ya manjano na moja la buluu. La buluu usiliguse, ndilo linaloleta mtandao kutoka nje. Chomeka kwenye lolote la manjano mpaka usikie mlio mdogo. Ncha nyengine iingie kwenye ubavu wa kompyuta. Kisha zima waifai ya kompyuta, itumie waya peke yake. Ripita iache palepale, itakusaidia kwa simu.

Kuhusu barua ya Jumamosi, Bi Mkubwa kasema kweli. Ilikuwa ya ufundi.

Machano Ubwa

*

Mkunazini
Jumanne, 10 Septemba 2024

Mwanangu Machano,

Nimekuita hivyo mwenyewe, usijisahau.

Najua umelala na kiu ya habari, na Radhiya tangu jana simu haimtoki sikioni, watu wa skuli, kaka zake, watu wa skuli tena. Kasema atakuandikia. Nimemwambia hii naiandika mimi, kwa sababu kuna jambo ni langu kulisema.

Jana saa saba, baada ya kusali, nimekwenda kukaa kwenye ngazi juu ya mkeka. Paka nimemfungia jikoni, kwani anapenda kutafuna waya. Mlango wangu wazi, waya umepita kwenye kizingiti umelala kama mtu wa nyumbani. Saa nane nikamsikia anaanza. Sijawahi kumsikia akisomesha miaka yote hii. Masoud alikuwa akinambia mkewe ana sauti ya darasani, nikidhani anamsifu tu. Kumbe sauti inatoka tumboni, haisiti, haikimbii. Wale wanawake wa Japani wanamfuata neno kwa neno. Umeme ulitaka kutuaibisha, taa ilipepesa mara moja, nikaishika rauta kwa dua zote ninazozijua. Haikuzima.

Katikati ya somo akaniita. "Mama, njoo." Nikasema mimi? Na kanga hii ya nyumbani? Akanivuta mkono mpaka mbele ya kompyuta. Nikawaona wote sita, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Wakainama, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo bibi." Nimekaa dunia hii miaka sabini na sita, Machano, na sikujua nitaamkiwa na Japani. Nikasema, "Marahaba, wanangu," nikakimbilia nje, kwani machozi hayana adabu.

Faiza kampa darasa. Siku nne kwa wiki, kuanzia Oktoba akitoka edani.

Jioni nimekwenda chumbani, nikachukua sufuria, nikaileta jikoni mbele yake, nikaiweka. Nikamwambia, hii ndiyo iliyokuwa ikikuua kila mchana, na mkono ni huu. Nikangoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata afunge mizigo yake aende.

Akaitazama sufuria. Akanitazama mimi. Kisha akacheka. Kacheka mpaka kakaa chini sakafuni, anashika mbavu, anasema, "Nnaitafuta, mama! Wiki mbili nnaitafuta!" Tangu Juni sijamsikia kucheka humu ndani. Na mimi nikakaa naye chini, nikacheka, na kisha tukalia wote wawili, tukamlilia Masoud vizuri, vile ambavyo hatujamlilia pamoja hata siku moja, kila mtu akilia chumbani kwake na mlango kaufunga.

Kuhusu Uroa nimemwambia najua. Kajua ni wewe. Kasema atakugombeza, ukae tayari.

Nikamuuliza swali nililokuwa nikilikimbia. Eda ikisha, mwanangu, utakwenda wapi? Akainuka, akaifuta sufuria kwa kitambaa, akaitia mchele. Akanambia, "Niende wapi, mama, na waya wangu unaanzia chumbani kwako?"

Bi Mwanamwema atakupa kawa. Ndilo lile lile, nimekusukia ukingo mpya. Rauta siifuniki tena, vitaa vyake nshavizoea.

Mchana sasa nalala na mlango wazi, kwani haufungi. Namsikia juu anasomesha peke yake, anajizoeza. Usingizi unanijia katikati ya somo.

Mama yako,
Mwanakheir binti Khamis